Mbuzi wa Chumvi, Mazuri na Mabaya Yake

Mpendwa Kaka,

Nakuandikia habari za mchezo. Najua kuna habari kubwa kuliko hiyo, na nitazifikia, lakini kila nikianza na hizo mkono unakuwa mzito na karatasi inabaki tupu. Acha nianze na hili ninaloliweza. Ule mchezo wa mbuzi, tuliokuwa tukiucheza dukani kwako, wameutoa upya. Sasa uko kwenye simu. Zainabo wako anaucheza kila akitoka shule, na mimi hukaa pembeni yake nikitazama. Siku hizi nimekuwa mtu wa kutazama tu.

Leo ni Jumatano. Ijumaa, baada ya sala, tunakusomea hitima. Nimeandika sentensi hiyo na hakuna kilichotokea. Kuku wa jirani wanaendelea kuparua, Mama Mdogo anaendelea kuchambua mchele. Wiki tatu zilizopita alikuja Mzee Momadi, yule aliyekuwa akipakia mizigo bandarini, ambaye mlikimbia pamoja vita vilipoingia mjini. Alikaa barazani, akakataa chai, nikajua. Akasema mlitembea kuelekea mtoni mkitaka kuvuka kuingia Tanzania, homa ikakushika kabla ya kufika Nhica, siku ya tatu ukafariki, na yeye na wenzake wawili wakakusalia, wakakuzika. Alieleza na mahali, kijia gani na upande gani wa kijia. Kisha akaomba ile chai, nikaenda kuipasha moto.

Miaka yote hii tulikuwa tukisema uko Mtwara. Hakuna aliyetuambia hivyo, tulilisema tu hadi likawa kweli. Zainabo alikuwa na miaka minne tulipokimbia. Sasa ana minane, na mama yake yuko Nampula na mume mwingine, kwa hiyo anayeulizwa ni mimi. Nilimwambia uko Mtwara kwa sababu mwenyewe niliamini. Huo haukuwa uongo. Lakini tangu siku ya Mzee Momadi, kila asubuhi mtoto akiuliza kama baba amepiga simu, nimeendelea kujibu kwamba huko mtandao ni mbaya. Uongo ni hizo wiki tatu. Na Ijumaa jina lako litasomwa mbele ya watu pamoja na marehemu wetu wengine, naye atakuwa amekaa papo hapo mkekani. Mama Mdogo ameniambia, "Atija, mtoto aambiwe kabla, na wa kumwambia ni wewe." Nimemjibu ndiyo. Nimemjibu ndiyo mara nne sasa.

Basi, turudi kwenye mchezo.

Kabla ya mchezo kulikuwa na katuni, na kabla ya katuni kulikuwa na duka lako, kile chumba kimoja kwenye njia ya kushukia bandarini, televisheni za watu zimepangwa mpaka dirishani. Ulikuwa na sheria yako ya kazi. Televisheni haitoki dukani mpaka imeonyesha katuni ya Jumamosi asubuhi, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kuzimika. Ulisema taarifa ya habari haifai kwa kupimia kwa sababu mtu amekaa tu anasoma, na mpira haufai kwa sababu ni kijani kitupu. Katuni ndiyo yenye rangi zote na kelele zote. Wateja walikuwa wakija Ijumaa jioni kuchukua vitu vyao na wewe unawaambia warudi kesho mchana, bado mbuzi hawajapita. Walikuona umerukwa na akili kidogo, ila walirudi, kwa sababu televisheni zako zilikuwa hazirudi.

Na kipimo chako cha pili nilikuwa mimi. Ulinizidi miaka kumi na minne. Mama alikuwa amepelekwa hospitali Mtwara, baba alikuwa na nyumba yake nyingine Pemba yetu ya bara, kwa hiyo ulinilea dukani, juu ya boksi lililoandikwa usiweke juu chini. Nikiacha kucheka ulijua kuna kasoro, unachukua bisibisi. Kila Jumamosi tulikuwa na televisheni nyingine. Kuna wiki mbuzi walikuwa kijani, kuna wiki walikuwa warefu na wembamba wamevutwa kama mpira wa manati, kuna wiki walionekana miguu tu.

Kwa Kireno katuni ilikuwa na jina lake, Correio da Neve. Sisi tuliiita Mbuzi wa Chumvi. Mbuzi wawili wa mlimani, Duarte na mdogo wake Bia, wanapeleka barua katika kijiji ambacho kila kitu ni cheupe, paa ni nyeupe, njia ni nyeupe, hata ng'ombe wana weupe mgongoni. Mimi wakati huo kwa Kireno nilikuwa siwezi hata kuomba maji. Nilikuuliza ule weupe ni nini, ukasema ni chumvi. Nilikuwa nimewahi kuona mashamba ya chumvi, nikakubali. Nikauliza mbona wanateleza, ukasema chumvi mbichi ndivyo ilivyo. Nikauliza mbona wamevaa makoti, ukasema chumvi inawasha. Nilipoanza shule niliwaambia wenzangu kwamba kuna nchi ambako mtu akitaka kuunga mchuzi anatoka nje na kijiko, na mwalimu akanyamaza tu, kwa sababu alidhani nimekwenda safari mahali.

Yule mnyama wa kijivu anayewavizia njiani na kuchukua barua, ulisema ni mjomba wao, Mjomba Fisi. Haibi. Anazikusanya barua za wengine kwa sababu yeye hakuna anayemwandikia. Nilimhurumia sana. Na kuhusu mama wa mbuzi, ambaye haonekani hata siku moja, ulisema amesafiri kwenda kununua vitambaa, atarudi. Nilifurahi. Niliona mimi na Bia tuna mambo yanayofanana.

Unaikumbuka televisheni ya yule mwalimu wa sekondari, iliyokataa kutoa sauti mwezi mzima? Ukafanya sauti zote wewe. Bia alikuwa na sauti nyembamba mpaka ukakohoa, na Mjomba Fisi aliongea kama karani wa forodhani mwenye mafua. Mwezi ule ndio ulikuwa mzuri kuliko yote. Sauti iliporudi nilikununia, nikakuambia uitoe tena.

Mchezo ulikuja nikiwa na miaka minane, darasa la tatu. Mtu alileta mashine yake ya michezo itengenezwe, kisha akahamia Nacala na kukupigia kwamba anakuachia. Ndani yake kulikuwa na sahani moja ya mchezo, na kwenye sahani, Duarte na Bia. Tuliangaliana. Sidhani kama nimewahi kukuona ukiacha kazi mchana isipokuwa siku ile.

Nisifie kwanza. Waliotengeneza mchezo ule walikuwa wameitazama katuni kweli, hawakuchukua tu sura za mbuzi na kuzibandika. Sauti zilikuwa zile zile. Kwato za Bia zilikuwa zikilia haraka haraka kuliko za Duarte kwa sababu miguu yake ni mifupi, na hata ukiwa umefumba macho ungejua nani yuko mbele. Ukianguka bondeni hufi. Unatoka na rundo la chumvi kichwani, unapiga chafya, unaendelea, na hapo walikumbuka kwamba wachezaji ni watoto. Barua zilikuwa zinafunguka. Mtu angeweza kucheza mchezo mzima bila kufungua hata moja, lakini walikaa wakaziandika zote, bibi kizee anamwandikia dada yake kuhusu goti, mwashi anamwandikia mchumba aliyemkataa. Ulikuwa ukinisomea. Sasa najua kwamba nyingi uliziongezea.

Lakini sifa kubwa ilikuwa hii: wachezaji wawili, pedi mbili za kubonyeza, kioo kimoja. Duarte akitangulia sana kioo hakimfuati. Anafika ukingoni anakwama pale mpaka Bia afike. Mimi ndiye niliyekuwa Bia, tena mzito. Nilikuwa nasimama kutazama madirisha ya nyumba. Wewe ulikuwa unakaa ukingoni mwa kioo, unachokonoa meno, unasema, "Dada'ngu, barua zinaoza hizi," na husogei kwa sababu huwezi.

Mabaya yalikuwepo, tena si machache. Kigari cha barua kilikuwa kigumu kukatisha kona kuliko mkokoteni wenye gurudumu bovu. Kuna mahali pa tufani ambapo kioo kizima kinakuwa cheupe na unakwenda kwa kubahatisha. Mchezo ulikuwa hauhifadhi ulipofikia isipokuwa ukifika posta, na posta ziko mbali, na umeme wetu unaujua. Tulivuka daraja lile la barafu, la chumvi, siku kumi na moja mfululizo, na mara tisa umeme ulikatika tukiwa katikati. Mara moja ulitoka nje ukasimama barabarani ukaitazama nguzo ya umeme kimya, muda mrefu, mpaka watu wakauliza kulikoni.

Na ubaya mkubwa, ambao nimeufikiria tena wiki hizi, ni kwamba katuni ilikuwa ya watu kukaa. Ukiikumbuka vizuri, nusu yake mbuzi wako jikoni kwa bibi yao wanapasha miguu na kubishana. Kwenye mchezo jiko lipo, limechorwa vizuri, sufuria inatoa moshi, lakini ukiingia hakuna cha kufanya. Bibi anasema neno moja tu na kukuelekeza mlangoni. Walichukua kitu cha kukaa wakakifanya kitu cha kukimbia. Nadhani wanaotengeneza michezo hawajui bado jinsi ya kutengeneza kukaa.

Kosa jingine si la mchezo, ni letu. Mjomba Fisi anatokea kwenye daraja la pili, na unatakiwa umpige kwa donge la chumvi kabla hajakufikia. Mimi nikakataa. Mjomba hapigwi. Pedi ilikuwa na kitufe cha kuinamisha kichwa, cha kupitia chini ya matawi, basi nikamsogeza Bia mbele yake na kuinama, namwamkia. Akachukua mfuko wote wa barua. Tukarudi mwanzo. Nikamwamkia tena. Siku nzima, Kaka, tulipoteza barua siku nzima kwa sababu ya adabu, na wewe hukuniambia kwamba yule si mjomba. Ulisema tu, "Labda leo ana haraka."

Maandishi ya mwanzo ulikuwa ukiyapitisha kwa kidole kabla sijaona kitu. Nilidhani ni haraka ya kucheza. Kisha ikaja siku ile uliyopeleka televisheni ya watu mtaa wa pili, nikawasha mashine mwenyewe. Maandishi yakatokea, yakakaa. Darasa la tatu nilikuwa nimeanza kuunganisha silabi. Nilisoma taratibu, kwa kidole juu ya kioo: Desde que a mãe morreu. Tangu mama alipofariki, Duarte na Bia ndio wanaopeleka barua za kijiji.

Uliporudi ulikuwa na waya begani. Nilikuuliza, "Kaka, mama yao kafa?"

Ulitazama kioo. "Kwenye mchezo, ndiyo."

"Na kwenye televisheni?"

"Na huko."

Niliweka pedi chini. Nakumbuka niliiweka vizuri, waya nimeukunja. Nikasema, "Na wetu?"

Ulivuta kigoda ukakaa mbele yangu, waya bado uko begani. "Wetu pia," ukasema. Nikauliza lini. Ukasema nilikuwa na miaka mitano.

Miaka mitatu. Mama alizikwa huko huko Mtwara, hitima yake ikasomwa kijijini Mucojo kwa kina Mama Mdogo, na mimi niliachwa kwa jirani nikila maandazi. Uliuomba mtaa unyamaze, nao ukanyamaza. Kwetu mtoto hufichwa msiba kama anavyofichwa kisu, na kila mtu huona amefanya wema. Siku ile ile nikajua na mengine, kwamba Kireno ulikuwa unakijua vizuri sana, kwamba chumvi haikuwa chumvi, na mjomba hakuwa mjomba. Yote yalianguka pamoja. Nilikukasirikia karibu mwaka mzima, nawe ulijitetea mara moja tu, ukiwa umeinamia waya za redio ya mtu, hukuinua hata uso: "Siku ya kwanza nilishindwa. Siku ya pili nikawa nimeshakosea."

Nilikusamehe uongo, na sijui kama niliwahi kukuambia. Uongo nilikuja kuuelewa. Kilichobaki kinaniuma ni kwamba mimi ndiye niliyeuliza. Nilikuwa na miaka minane na ilibidi nilitafute neno lile mwenyewe, silabi kwa silabi, kwenye kioo cha televisheni ya mtu mwingine. Nisingeuliza, sijui ungenyamaza mpaka lini.

Sasa huu wa simu. Picha ni safi, lazima niseme. Weupe una vivuli ndani yake, unaona nyayo zinavyojaa pole pole nyuma ya mbuzi. Mchezo unahifadhi wenyewe kila hatua, umeme ukatike usikatike. Kigari kinakata kona. Kila kilichokuwa kikitutesa wamekirekebisha. Sauti wameziondoa, na kila ukivuka daraja linaingia tangazo la sabuni, lakini hayo yanavumilika. Nisichowasamehe ni Bia. Mchezaji wa pili hakuna. Bia anaendeshwa na mashine, anamfuata Duarte hatua mbili nyuma, hachelewi, hasimami kwenye madirisha, haanguki. Duarte anakimbia anavyotaka na Bia yupo tu. Zainabo hajui kwamba kulikuwa na namna nyingine. Anacheza peke yake, vizuri kuliko sisi, na hana wa kumngoja.

Mara ya kwanza alipouwasha nilimwambia ule weupe ni chumvi. Alinitazama kwa upole. "Shangazi, ni neve, ni theluji. Mwalimu alituonyesha kitabuni." Mama Mdogo alicheka mpaka akashika ubavu. Nilitaka kucheka pia, nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Tangu Mzee Momadi aje ndivyo nilivyo. Nakula, nafua, naenda kufundisha watoto wa darasa la kwanza asubuhi, narudi. Majirani wanasema nina subira. Subira sina. Ni kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi, naugusa najua ni wangu, basi.

Na maandishi ya mwanzo bado yapo, neno kwa neno. Juzi Zainabo aliniuliza yanasemaje. Nikasikia mdomo wangu unajibu kwamba mama yao amesafiri kwenda kununua vitambaa. Yalikuwa maneno yako, Kaka, na nadhani hata sauti ilikuwa yako. Aliniamini. Lakini anasoma haraka kuliko nilivyosoma mimi. Nimebakiwa na kesho peke yake.

Wali unaungua, Mama Mdogo ananiita.

*

Jumamosi.

Kaka, naendelea.

Alhamisi Zainabo alirudi kutoka shule saa sita na nusu, akala, akanawa, akachukua simu. Nilikuwa nimekaa naye ukumbini. Usiku kucha nilikuwa nimejipangia kwamba nitamsomea yale maandishi kama yalivyo, halafu kutoka hapo nitaelekea kwako, pole pole, kwa ngazi. Nikaona ni mpango mzuri. Maandishi yakatokea, nikaona midomo yake inacheza. Alikuwa ameshaanza kuyasoma mwenyewe, kwa kidole, silabi kwa silabi. Alifika kwenye mãe, mama.

Nikachukua simu mkononi mwake nikaizima.

"Shangazi, hata sijaanza."

"Zainabo," nikasema, "baba yako amefariki."

Sikusema amesafiri, sikusema ametutangulia, sikusema Mungu amempenda zaidi. Nilisema neno lenyewe ili asibaki na mahali pa kuuliza atarudi lini. Aliutazama mkono wangu wenye simu. Kisha akaanza kuuliza, moja baada ya jingine, kama mtu anayeandikisha: "Wapi?" Karibu na Nhica. "Aliumwa?" Homa. "Amezikwa?" Amezikwa, na Mzee Momadi na wenzake. "Walimsalia?" Walimsalia. Nilimjibu yote. Nilianza kufikiri kwamba nimevuka.

"Na wewe ulijua lini?"

"Wiki tatu zilizopita."

Akahesabu, niliona anahesabu. "Kumbe mtandao haukuwa mbaya."

"Haukuwa mbaya."

Aliondoka akaenda uani kwa Mama Mdogo, akasimama mbele ya ungo wake. "Bibi, na wewe ulijua?" Mama Mdogo, ambaye hajawahi kukosa jibu kwa mtu yeyote, alisema nilijua, mwanangu, huku anatazama mchele. Zainabo akaenda kukaa kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, mgongo kwetu sote. Alikaa hadi alasiri. Hakulia kwa namna ya kusikika. Nilimpelekea maji, akayanywa, akanirudishia kikombe bila kugeuka.

Nilikuwa naosha vyombo alipokuja. Akasimama karibu na ndoo.

"Shangazi, wewe ukifa, nani ataniambia?"

"Bibi yako atakuambia."

"Bibi alijua akanyamaza."

"Mwalimu wako."

"Mwalimu mtamwomba anyamaze."

Nilifikiria jirani, nikafikiria mama yake kule Nampula, na kila niliyemfikiria nilimwona amesimama anasema mtandao ni mbaya. Sikuwa na mtu wa kumtajia. Katika mji mzima huu, wa watu wanaompenda, sikuwa na hata mmoja. Nilishika sufuria nikaona aibu. Ilikuwa aibu kamili, yenye joto, ilinipanda mpaka masikioni, na ndiyo kitu cha kwanza nilichokihisi tangu Mzee Momadi alipokataa chai. Nilimwambia sijui. Akatikisa kichwa kama mtu aliyelitegemea jibu hilo, akaenda kulala mapema, kwenye mkeka wa Mama Mdogo.

Jana watu walijaa. Wanaume barazani, sisi ndani, ubani, juzuu zimegawiwa. Maalimu alipokohoa kuanza nilisimama. Nilikwenda mpaka mlangoni, pale katikati ambapo wa ndani na wa nje wote wanasikia, na unajua kwamba mwanamke kwetu hafanyi hivyo kwenye hitima. Mama Mdogo alinivuta khanga, nikaiacha mkononi mwake.

Nikasema, "Naomba radhi kwa kukatiza. Huyu Zainabo, mtoto wa marehemu, niko naye mimi. Likinipata la kunipata, aambiwe. Aambiwe siku ile ile na mtu wa kwanza kujua, yeyote yule. Asiambiwe nimesafiri. Nawaomba nyote mliopo hapa, wake kwa waume."

Kuna mwanamke alikuwa akimnyonyesha mtoto akaacha. Nikadhani nimeiharibu hitima yako. Kisha huko nje Mzee Momadi akasema, "Tumesikia, binti." Mwingine akasema tumesikia. Likazunguka barazani, likaingia ndani, mmoja mmoja, hata wale waliokuwa wakininunia kwa kusimama kwangu. Wa mwisho alikuwa Mama Mdogo, kwa sauti ya chini kabisa. Tumesikia. Maalimu alisubiri mpaka likaisha, ndipo akaanza.

Niliporudi kukaa, Zainabo aliinuka alipokuwa, akawapita watu wawili, akaja kukaa kwangu. Hakunishika mkono, bado ana hasira, na hasira yake ni haki. Aliweka tu goti lake juu ya langu. Wakasoma majina, babu, bibi, mama, na wengine ambao orodha yao imerefuka miaka hii. Kisha likasomwa lako, likifuatwa na la baba yetu kama ubini. Zainabo akamgeukia yule mwanamke wa upande wa pili, mgeni, ambaye hakuwa amemuuliza kitu, akamwambia:

"Huyo ni baba yangu."

Hapo nikalia, Kaka. Nililia vibaya, kamasi na yote, mpaka wakanipitishia khanga.

Sasa nakuaga. Tangu tulipokimbia nilikuwa nakuwekea chakula pembeni, nakuwekea mahali pa kulala, nakuwekea maneno ya kukuambia siku utakayogonga mlango. Haya ndiyo maneno yenyewe, nimeyatoa yote hapa. Ulinilea vizuri, na ulinificha jambo ambalo hukupaswa kunificha, na nakuombea Mwenyezi Mungu akupokee kwa yote mawili. Mtoto wako anajua.

Mdogo wako,
Atija